Herufi za Midomo

Watu husema mdomo huponza kichwa.
Kwangu kichwa ndicho kilichoponza mdomo,
na kilikuwa kichwa kizima, hakijanywa kitu,
Jumamosi ile, Sinza, juu ya duka la vipuri,
nyuma ya pazia la saluni ya Shuku.

Nilitaka mdomo wangu wa juu,
ule wa picha ya kitambulisho cha kura,
kabla miaka haijaukunja kama pindo la kanga.
Sikutaka wa mtu mwingine.

Laki moja na themanini, nikalipa kwa simu.
Kichupa alikitoa kwenye friji, kati ya mtindi na soda,
hakina lebo, hakina tarehe.
"Hii ni nini?"
"Ya Korea, dada. Tulia."
Nikatulia.
Mimi, karani wa mahakama,
ninayemrudisha mtu kwao Kigogo
kwa muhuri mmoja uliokosekana.

Uvimbe sitausimulia.
Jumatatu nilisimama mlangoni, chumba namba mbili,
jalada mkononi, watu wamejaa benchi hadi ngazini,
na jina la kwanza likawa
Mbaraka Mapembe Pambalu.

M inataka midomo ikutane.
B inataka ikutane, ibanane, iachane.
P ni pumzi inayobisha hodi.
Yangu ilikuwa imesusiana.
Nikaita, "Waraka Nafenge."
Hakuna aliyesimama.
Nikarudia. Kijana mmoja akachekea puani.
Mzee alibaki palepale, fimbo magotini,
akisubiri jina lake,
na shauri lake la kiwanja likaahirishwa
hadi tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili yake.

Daktari Kokubanza, Upanga, hakucheka.
Alivaa glavu, akapapasa taratibu
kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.
Akaipata gololi, upande wa kushoto.
"Ulichomwa nini?"
"Sijui."
Akaandika: *haijulikani*.
Neno hilo nimeliandika mara elfu
kuhusu watu wengine.

"Mdomo ungepauka," akasema,
"ukawa rangi ya majivu, ukakuuma usiku,
tusingekuwa tumekaa hivi. Tungekuwa tunakimbia.
Damu ikizibiwa njia, nyama haisubiri foleni."
Kisha: "Kuna kimeng'enya kinachoyeyusha jeli.
Kama ni jeli.
Kama ni silikoni, kitapita
kama mvua juu ya bati."

Tone moja kwanza, mkononi.
Tukaitazama saa ya ukutani, yeye na mimi,
tukingoja ngozi ilalamike.
Haikulalamika.
Ndipo akachoma mdomo, na nikasema neno
ambalo mahakamani ningelipishwa faini.

Ilikuwa jeli. Asubuhi gololi ilikuwa tambi,
baada ya wiki mbili na sindano nyingine
ikabaki punje ya mtama
ambayo ulimi wangu bado unaitembelea.

Nikauliza, nusu mililita kwake ni bei gani.
Akanitazama juu ya miwani.
"Si leo. Acha nyama itulie, miezi miwili.
Ukija, boksi utalisoma mwenyewe:
jina, namba, mwisho wa matumizi.
Nitalifungua mbele yako. Na ukibadili nia,
sitakudai hata mia."
Bei yake ni mara tano ya Shuku.

Shangazi Mwantumu anauliza kama sijakoma.
Sijakoma, Shangazi.
Nimejifunza kuuliza lebo,
kutaka mdomo sijaacha.

Tarehe kumi na nne nilifika mapema.
Chooni, mbele ya kioo chenye ufa,
nilijipima: bibi, babu, pombe, pembe,
mpumbavu, mpumbavu, mpumbavu.
Kila M ilifunga. Kila P ilitoka.

Kisha mlangoni, jalada mkononi:
"Mbaraka Mapembe Pambalu."

Mzee akaegemea fimbo, akainuka.
"Kumbe," akasema, "unalijua."